Chumba Ambacho Sikukipima

Mwezi uliopita tulimzika Mama Lilian. Siku mbili kabla ya mazishi nilikuwa juu ya ngazi nyumbani kwake, upande wa juu wa soko la Otonglo, nikivuta kebo ya mtandao kutoka sebuleni hadi kwenye hema la waombolezaji, ili wajukuu walio ng'ambo waone mazishi kwenye simu zao. Wengine walileta mchele, wengine kuni. Mimi nilileta waya. Chini ya ngazi alisimama mwanamke mwenye miwani, amejifunga leso ya mama yake kiunoni. "Wewe ndiye Awuor," akasema. "Yule wa dari." Nikashuka. Mimi na Lilian, binti wa marehemu, hatukuwa tumewahi kushikana mikono hata siku moja, lakini uso wake niliujua kama ninavyojua mlango wa nyumba yetu ya zamani, kwa sababu miaka mingi iliyopita niliutazama kwenye kompyuta nikiwa nimekaa mahali ambapo sikustahili kukaa. Akanishika mkono tukaenda chumba cha nyuma. Kitanda kilikuwa kimetolewa ili akina mama waliokuja kulala matangani wapate nafasi, na magodoro yalikuwa yamepangwa moja juu ya jingine. Ukutani bado kilikuwepo kisambazaji nilichokifunga mwenyewe, kile kisahani cheupe kinachotoa Wi-Fi, ila sasa kimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Tulikaa juu ya magodoro, Lilian akalia kidogo, na mwaka wote ule ukanirudia.

Ulikuwa mwaka ambao kebo nyeusi za mtandao zilianza kuning'inia kwenye nguzo za mitaa yetu. Nilikuwa na miaka ishirini. Tuliishi wanne, bila wazazi, katika chumba kimoja mtaani Manyatta: mimi, Ochieng' aliyekuwa kidato cha kwanza, Adhiambo wa darasa la sita, na Onyango ambaye meno yake ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yakiota upya. Mimi nilikuwa nimeacha shule kidato cha pili. Sitaeleza kwa nini; ukisikia mtoto wa kwanza ameacha shule na wadogo zake wanaendelea, umeshaelewa. Chumba kilikuwa na kitanda kimoja, shuka iliyoning'inizwa kama pazia, jiko la mkaa tulilolitoa nje mvua isiponyesha, meza ndogo, na kiti kimoja cha mbao ambacho hakuna aliyekikalia kwa sababu kilikuwa cha wageni. Jioni tulikula ugali na omena, au ugali na mrenda, na siku ambazo nilipata kazi nzuri tulinunua kichwa cha samaki mbuta na kupigania macho yake. Adhiambo ndiye aliyegawa. Alitenda haki kuliko mahakama, na Onyango alimwita "Jaji" mpaka anakasirika.

Mwezi wa pili mwaka huo baba mdogo alitujia kutoka Awasi. Alikalia kile kiti, akanywa chai, akamuuliza Ochieng' hesabu mbili tatu, kisha akatoka nje kuzungumza na jirani yetu, mama aliyekuwa akiuza mboga kibandani karibu na mlango wetu. Ukuta wetu ulikuwa wa mabati, na mabati hayafichi kitu. "Msichana anajaribu," nilimsikia akisema, "lakini huyu kesho ataolewa. Hawa watabaki na nani?" Jirani akajibu, "Baba, huyu hata wanaume hawatazami, ana vumbi hadi kwenye kope." Wakacheka. Aliporudi ndani hakuwa anacheka. "Awuor, sikuja kukulaumu," akaniambia. "Lakini kazi ya leo ipo, kesho haipo, hiyo mimi siwezi kuiita kazi. Shule zikifungwa mwezi wa kumi na moja nitarudi. Nikikuta umeandikwa kazi ya mwezi, mtabaki hapa. Nikikuta ni hivi hivi, wavulana nitaenda nao Awasi, na Adhiambo ataenda kwa shangazi yenu Maseno." Nikamjibu, "Sawa, baba." Nyuma ya pazia hakuna aliyepumua. Sasa nina umri wa kuelewa kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto sita wa kwake, na alichokuwa anatupatia hakikuwa tishio, kilikuwa sehemu ya chakula chao. Lakini siku ile nilimwona kama mtu aliyekuja kupima jinsi ya kukata mkate.

Kazi yangu wakati huo ilikuwa kuchonga kuta. Bwana Mwangi, mtu wa upande wa Nyeri aliyekuwa na duka la waya na soketi mjini karibu na stendi, alichukua vibarua alipopata nyumba ya kuweka umeme au mtandao, nasi tulichimba mifereji ukutani kwa patasi na nyundo ili mabomba ya plastiki ya kupitishia waya yalale humo. Nilikuwa msichana peke yangu. "Dada, utavunja kucha," fundi mmoja aliniambia siku ya kwanza. Bwana Mwangi akamgeukia: "Kucha zake zikivunjika zitaota. Wewe ukipasua ukuta wa mtu, utauotesha?" Hakuwa mpole, lakini hakuonea mtu. Siku moja katika nyumba fulani Milimani, fundi alitaka kuweka rauta nyuma ya friji ili isionekane. Nikasema, bila kuulizwa, kwamba hapo mtandao hautapita. Bwana Mwangi akaniuliza nani kaniambia. "Redio yetu hukwaruza nikiiweka nyuma ya masufuria," nikamjibu. Alinitazama, akaguna, na tangu siku hiyo akawa ananiita nishike upande wa pili wa ramani.

Alinifundisha jinsi mtu anavyopanga nyumba kabla ya kutoboa hata tundu moja. Unachora vyumba. Unauliza kebo itaingilia upande gani kutoka kwenye nguzo. Unatafuta mahali pa kuweka sanduku la kukutania kebo zote, pakavu, pasipofikiwa na watoto. Kisha unauliza kuta zimejengwa kwa nini, tangi la maji liko wapi, kioo kikubwa kiko wapi, kwa sababu maji na chuma hula mtandao. Niliyasikia haya mchana, na jioni nikarudi nayo nyumbani. Nilichora nyumba kwenye karatasi za miraba nilizochana kutoka daftari la Ochieng' la hesabu, naye alinung'unika lakini akanirekebishia vipimo. Halafu tukafanya mchezo. Onyango alikuwa rauta. Tulimsimamisha chumbani aimbe, Ochieng' akaenda nyuma ya bafu la mawe la ploti, Adhiambo akasimama nyuma ya tangi, na mimi nikazunguka nikiuliza nani anasikia nini. "Namsikia nusu!" Adhiambo alipiga kelele. "Na hiyo nusu inatosha, anaimba vibaya!" Wapangaji wote walitoka kutazama. Onyango, aliyechukulia kazi yake kwa uzito, akauliza kama rauta huruhusiwa kunywa maji.

Mwezi wa tisa Bwana Mwangi aliniita dukani. "Kuna mama mmoja Otonglo, mwalimu aliyestaafu. Nyumba si kubwa. Utaipanga wewe, utaifunga wewe, mimi sitakuja. Ikikaa sawa, nitakuandika kazi ya mwezi, na barua nitaandika na mhuri nitapiga. Isipokaa sawa, utaendelea na patasi, na mimi nitachukua kijana kutoka Nakuru anayeijua hii kazi." Sikumwambia kuhusu baba mdogo. Nilitembea kutoka dukani hadi nyumbani nikiwa nimeshika ufito mrefu wa kupimia kama fimbo ya askari.

Mama Lilian alinipokea kwa chai na viazi vitamu kabla hata sijatoa karatasi. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kutembea, mwenye sauti ya mtu aliyezoea darasa la watoto sitini. Alinieleza anachotaka kwa maneno machache. Mumewe alikuwa amepooza upande mmoja tangu mwaka uliotangulia. Binti yao, Lilian, alikuwa muuguzi nchi ya mbali, na alipiga simu ya video kila siku saa moja jioni. "Nikiwa sebuleni namwona hadi vipuli vya masikio," Mama Lilian alisema. "Lakini baba yake hawezi kuja sebuleni. Nikimpelekea kompyuta kule, Lilian anakwama mdomo ukiwa wazi, kama samaki. Mzee anageuza uso ukutani. Sasa hata kuongea ameacha. Mtandao ninaotaka, mwanangu, ni wa kitanda kile. Huko kwingine ni nyongeza tu." Nikaandika. Alinitembeza sebuleni, jikoni, barazani, chumba cha wageni. Mwisho wa korido palikuwa na pazia la bluu. "Hapa ndipo chumbani kwetu, Baba Lilian amelala. Ingia tu uangalie."

Nikasema, "Hapana, mama. Nimeona, inatosha."

Wanaotoka kwetu wataelewa. Mtoto akishakua haingii chumba wanacholala wazazi, wala hakalii kitanda chao, na mtu wa umri wa Baba Lilian ni baba kwa kila kijana anayepita kwenye lango lake. Nilijua hivyo kama ninavyojua kuvua viatu. Basi nilitoka nje, nikapima ukuta wa chumba kile kwa hatua, nikiinama chini ya dirisha nisije nikachungulia, na nikachora kwenye miraba yangu chumba chenye kuta nne na kitanda nilichokibuni mwenyewe. Nikahesabu: kisambazaji kimoja kwenye dari ya sebule, cha pili kwenye korido karibu na pazia. Kati ya cha pili na kitanda palikuwa na ukuta mmoja tu. Nilifanya kazi siku tatu. Nilitambaa darini nikivuta kebo juu ya boriti, buibui usoni, jasho machoni, na nilipomaliza nilitembea na simu nyumba nzima hadi kwenye pazia la bluu, na alama za mtandao zilikuwa zimejaa. Nilirudi Manyatta nikiwa na kichwa cha mbuta na Adhiambo akatugawia macho, moja kwangu na jingine kwangu pia.

Siku mbili baadaye Bwana Mwangi aliniita. Hakupaza sauti, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Mama wa Otonglo anasema sebuleni moto, jikoni moto, hata chooni moto. Kitandani hakuna kitu. Kitanda si ndicho kilichokupeleka?" Nikasema ni ukuta mmoja tu. "Ulijaribu simu ukiwa kitandani? Karibu na kitanda? Awuor. Hicho chumba uliingia?" Nikamwambia ukweli, kwamba nilikipima kwa nje. Alijishika kichwa kwa mikono miwili. "Kwa nje! Kama mwizi! Mimi nimeishi na nyinyi miaka ishirini, najua heshima zenu, lakini hata daktari wa kwenu huingia chumbani, ama huwa anadunga sindano kupitia dirishani?" Mafundi wakacheka hadi mmoja akakaa chini. Bwana Mwangi hakucheka. "Jumamosi nitakuja mwenyewe jioni. Saa moja, huyo binti akipiga simu, nataka nikute mzee anamwona. La sivyo, yule kijana wa Nakuru ana nauli tayari." Ilikuwa Alhamisi. Nyumbani Ochieng' aliniuliza kama nyumba ilikubali. Nilimwambia bado kidogo. Alirudi kwenye daftari lake, lakini nikaona kalamu haiendi.

Jumamosi asubuhi nilisimama tena mbele ya pazia la bluu na mkoba wangu wa vifaa. Nikashindwa kulisogeza. Nilikuwa nimewahi kusimama hivyo. Baba yangu alipougua alilala chumbani wiki tatu, na mimi nilibaki mlangoni na sahani, nikimpa mama, nikipokea sahani ikiwa bado imejaa. Nilisikia akikohoa, nilisikia akiuliza kama nimekula. Sikuingia. Hakuna aliyenikataza, nilijikataza mwenyewe, nikiamini kwamba ndivyo binti mwema anavyofanya. Uso wake wa mwisho siujui. Sijui nilisimama mbele ya pazia la bluu muda gani. Mama Lilian alikuja nyuma yangu akanishika bega. "Nyathina," akaniita kwa Kiluo, mwanangu. "Yule ni mgonjwa. Mgonjwa hana chumba, ana watu tu. Ingia."

Nikaingia. Chumba hakikufanana hata kidogo na mchoro wangu. Kilikuwa kirefu, na kitanda hakikuwa mbele ya mlango, kilikuwa kimesukumwa pembeni kabisa, nyuma ya kabati kubwa la nguo, ili mzee aone mwembe wa jirani na kipande cha ziwa dirishani. Baba Lilian alikuwa amelala ubavu, mwanamume mkubwa aliyepungua, amenyolewa vizuri. Nikapiga magoti kumsalimia. Hapakuwa na kiti. Mama Lilian akasema nikae kitandani, nikakataa, nikachuchumaa sakafuni. Ndipo mzee akafungua mdomo. "Kaa," akasema. Neno lilitoka limepinda, lakini lilikuwa amri. Nikakaa ukingoni, nusu ya nusu, nikiogopa hata kukunja shuka. Nikatoa simu. Koridoni palikuwa na alama nne; hapa hapakuwa na hata moja. Nikamweleza, kwa kuwa sikujua la kufanya isipokuwa kumweleza, kwamba kifaa kiko pale nje, karibu, na ukuta ni mmoja, na sielewi. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akainua mkono wake mzima, akagonga ukuta kwa vifundo vya vidole. "Waya," akasema. Akapumua. "Wa kuku. Wote."

Mama Lilian alijipiga paji la uso. Zamani Baba Lilian alikuwa msimamizi wa ujenzi, na chumba hiki alikiongeza mwenyewe baada ya nyumba kuisha. Mahali ukuta mpya ulipokutana na wa zamani palikuwa panapasuka kila mwaka, ndipo akaamua kutandika waya wa kuku chumba kizima kabla ya kupiga plasta upya. Nilikuwa nimeweka kifaa changu nje ya kizimba cha chuma. Mtandao uliingia mlangoni tu, ukagonga kabati, ukafia hapo. Hakuna ramani ingenionyesha hilo, na hakuna hatua za nje ningehesabu hadi nikalijua. Lilikuwa kichwani mwa mtu mmoja, naye alikuwa kitandani. Nikamuuliza kama dari nayo ina waya. Akatikisa kichwa: hapana. Nikamuuliza nitoboe wapi. Akanyoosha kidole, na kila niliposogeza penseli alisema "juu" au "bado" mpaka akaridhika. Tulifanya kazi hivyo hadi alasiri, mimi darini nikivuta kebo juu ya ukuta badala ya kupita ndani yake, yeye chini akisimamia. Mama Lilian alituletea nyoyo, mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja, kwenye sahani moja yenye vijiko viwili, akasimama mlangoni akisikiliza mumewe akinigombeza kwamba skrubu haijanyooka. Nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa, kisha akaenda jikoni na kuanza kuimba.

Bwana Mwangi alifika saa kumi na mbili na nusu. Alipiga hodi kwenye pazia, akavua kofia, akamsalimia mzee, akatazama kisahani cheupe ukutani. Saa moja kompyuta ikalia. Uso wa Lilian ukajaa kioo kizima, na vipuli vilikuwepo. "Baba? Baba, unaniona?" Hakukwama. Alipepesa macho, akasubiri. Mzee alimtazama, nami ukingoni mwa kitanda nikamsogezea kompyuta. "Umekonda," akasema. Lilian akashika mdomo. Hakuwa amesikia sauti ile kwa miezi. "Huko hakuna ugali?" akaendelea mzee, polepole, akikusanya kila neno kama mtu anayeokota mahindi yaliyomwagika. Mama Lilian alicheka na kulia kwa pamoja, na Lilian akauliza yule msichana aliyekaa kitandani ni nani. "Wa dari," akajibu baba yake. Nje, Bwana Mwangi alivaa kofia yake. "Jumatatu saa mbili," akaniambia. "Usichelewe. Na barua njoo uichukue, nisikutafute."

Baba mdogo alikuja wiki ambayo shule zilifungwa, kama alivyosema. Alivaa koti lake la kanisani. Nilikuwa nimemwambia Onyango asiongee, Ochieng' amevaa shati la shule ingawa ni likizo, na Adhiambo alikuwa ameosha sufuria ambazo tayari zilikuwa safi. Barua ilikuwa mezani chini ya kikombe isipeperuke. Baba mdogo aliisoma mara mbili, akapitisha kidole kwenye mhuri. "Kazi ya waya," akasema. "Na ukiwa huko darini, hawa nani anawaangalia?" Kabla sijajibu, Adhiambo akasema, "Mimi napika, Ochieng' anateka maji, Onyango anafungua mlango akisikia sauti ya Awuor tu. Anarudi saa kumi na moja. Akichelewa anapiga simu kwa mama wa mboga." Alisema kama anasoma hukumu. Baba mdogo akamgeukia Onyango: "Na wewe, hutaki kuja kwangu kuchunga ng'ombe?" Onyango alikumbuka amri yangu, akakaza midomo, na machozi yakamtoka bila sauti. Baba mdogo akakunja barua, akairudisha chini ya kikombe, mahali pale pale ilipokuwa. Akanywa chai yake yote.

"Ochieng'," akasema mwishowe, "nenda kibandani kwa yule mama wa mboga. Nimeacha gunia la mahindi na viazi. Mwambie akusaidie kujitwika." Ochieng' hakuinuka, hakuelewa. Mimi pia sikuelewa. Kwa nini auache mzigo nje, na mlango wetu uko hatua kumi? Baba mdogo alitazama mikono yake. "Sikutaka kuuleta ndani," akasema, "kabla sijajua hapa wanakula wangapi."

"Tuko wanne, baba," nikamwambia.